Milango Kumi na Sita ya Mjomba

Mjomba wangu ni fundi rangi wa milango, na kwa ubishi hana mpinzani. Muuza duka akimwambia vanishi mbili ni sawa, haamini. Hutafuta vibao, akaipaka kila moja chini ya rangi, kisha juu ya rangi, akavianika dirishani siku tatu. Mkewe husema nyumba yao ina vibao vingi kuliko sahani.

Nilikuwa kwao nikiandaa nakala ya mwisho ya tasnifu yangu ya hisabati. Inahusu nusukundi, yaani vitu vinavyounganishwa viwili viwili kupata cha tatu, na lini viwili vinaweza kuhesabiwa kitu kimoja bila kuvuruga miungano yote. Huo ndio ulinganifu.

"Hebu nieleze kwa lugha ya watu," mjomba alisema.

"Viwili ni sawa ikiwa chochote utakachoweka juu yake, matokeo ni yaleyale."

"Na ukiviweka hivyo viwili juu ya hicho chochote?"

Katika tasnifu nilikuwa nimethibitisha upande mmoja tu, halafu ukurasa wa arobaini na moja nikaandika: "Upande wa pili ni vivyo hivyo." Baada ya swali lake nilihangaika nao siku mbili. Haukuwa vivyo hivyo, na sura nzima ilisimama juu yake. Lakini watahini walishanipitisha, mahafali yalikuwa wiki mbili mbele, na mama alishashona nguo. Nani angegundua? Nikanyamaza, roho ikinisuta.

Jumamosi nikampelekea mjomba chai kwenye zahanati aliyoipaka mwezi uliopita. Nikamkuta anakwangua milango, yote kumi na sita, hadi kwenye mbao.

"Wamelalamika?"

"Walalamike nini? Si unaona inang'aa?" Hakuinua kichwa. "Waliniharakisha, vanishi mpya nikaijaribu chini tu. Juu ya rangi sikuijaribu. Wiki hii nimeijaribu, inabanduka."

"Kwa nini wiki hii?"

"Nilipokuuliza wewe, nikakumbuka sikujiuliza mwenyewe."

Niliona aibu. Nikaweka chai chini, nikatoa simu, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba ukurasa wa arobaini na moja si kweli, na aliondoe jina langu kwenye orodha ya wahitimu wa mwaka huu. Nikatuma kabla sijabadili nia, kisha nikaomba msasa.

Mlango wa tatu tuliukwangua pamoja, wala hakuniuliza nalia nini.