Gugu Moja Kitabuni

Ofisini wanamwita Kifungu, na jina limemkaa. Ukimwuliza chumvi iko wapi, atakutajia kwanza kifungu cha sheria, chumvi baadaye. Mimi ni mkewe, mwaka wa thelathini na nne huu, na haya ninayosema sikusimuliwa na mtu.

Kazi yake ni kutunza vielelezo vya kesi katika ofisi ya kudhibiti mimea vamizi, yaani magugu ya ugeni yanayoingia nchini, yakashika ardhi na kuua yaliyoyakuta. Sheria yao ina vifungu arobaini, na vyote anavijua kwa kichwa. Siku niliyozaliwa mimi haijui.

Miaka sita iliyopita walimkamata muuza maua mmoja na gugu moja ndani ya kopo la maziwa. Lina jani pana na ua la zambarau, zuri kwa kweli. Ndiyo maana watu wanalipanda. Kopo likaletwa ofisini kwa kibali cha safari moja, likaandikwa kitabuni: "Kielelezo namba nne, mmea mmoja, hai." Hilo neno "hai" ndilo lililotuponza. Kifungu cha nane kinataka kielelezo kitunzwe katika hali kilichokamatwa nayo mpaka kesi iishe. Basi mume wangu akaanza kulimwagilia.

Kesi haikuisha. Mahakama ilitaka kielelezo kipelekwe mbele yake, na kifungu cha kumi na moja kinakataza mtu yeyote kuhamisha gugu kutoka lilipo. Kibali cha kuja kilikuwa cha kuja tu. Mtu wa kusaini cha kwenda alihamishwa yeye, na nafasi yake haikujazwa. Kila mwezi mume wangu alivaa tai, akaenda mahakamani mikono mitupu, akaeleza. Hakimu akaahirisha.

Gugu lenyewe halikuahirisha kitu. Lilitoka koponi, likapita chini ya kabati, likapanda dirishani. Kipande kikianguka, kinaota. Mwaka wa tano nilimpelekea chakula cha mchana nikamkuta anaandika kwenye pembe ya meza, miguu juu ya stuli, maana sakafu yote ilishachukuliwa. Karani alikuwa amehamia koridoni na kiti chake. Nikamwambia, "Mzee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Akanijibu kwamba kung'oa bila kibali ni kifungu cha tisa.

Lakini kilichoniuma si hicho. Kilichoniuma ni maji. Kila asubuhi mume wangu alimwagilia gugu la serikali, taratibu, kwa kipimo, na huku nyumbani mchicha wangu unakauka. Magoti yangu hayataki tena kubeba ndoo kutoka bombani. Alikuwa ameniahidi, "Nikistaafu, mke wangu, bustani yako ni kazi yangu." Siku hiyo niliisubiri kuliko nilivyoisubiri harusi yangu.

Siku ikafika, na hakustaafu. Mrithi wake, dada mmoja makini mwenye miwani, alikuja kukabidhiwa. Akasoma kitabuni "mmea mmoja", akatazama chumba, akaanza kuhesabu. Alipofika mia mbili na kumi alifunika kalamu.

"Mzee wangu, utanisamehe," akasema. "Hapa sisaini."

Kufuta kitabu ni kosa, kung'oa ni kosa, kukabidhi kilichozidi nako ni kosa. Bosi akairudisha barua ya kustaafu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu mume wangu alikuja nayo nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Nitafia mle ndani." Nilikwenda jikoni nikalia.

Jumamosi asubuhi nilichukua funguo zake na jembe langu. Nia yangu ilikuwa kubakisha moja, lile la koponi, hesabu ikae sawa. Lakini hasira hasara. Miaka sita ya mchicha wangu ilikuwa mikononi mwangu siku ile. Nilipokuja kutulia, chumba kilikuwa cheupe, shimo la taka nyuma ya ofisi linafuka moshi, na kopo ni tupu.

Jumatatu dada mwenye miwani alikuja tena. Kitabuni mmoja, chumbani hakuna. Kupoteza kielelezo ni kifungu cha ishirini, na hicho kina jela. Bosi akatoa wiki tatu kielelezo kionekane. Mume wangu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikuwa anakula robo sahani na kuniuliza kama gerezani wanaruhusu mtu kuingia na kitabu chake cha sheria.

Sasa, kuna jambo ananiambia tangu tuoane: jembe lililogusa gugu huoshwa palepale. Mimi nililioshea nyumbani, juu ya mchicha. Wiki ya tatu, katikati ya mashina yaliyokauka, nikaona ua la zambarau.

Ningeweza kuling'oa, na hakuna ambaye angejua. Nikamwita. Alichuchumaa akalitazama, kisha akaenda kuvaa sare.

Bosi alikuja na kitabu, akasimama uani kwangu. "Nani amelileta hapa?"

"Mimi na jembe langu," nikasema.

"Basi mama, baada ya yule muuza maua, wewe ni mshtakiwa wa pili." Akamgeukia mume wangu. "Hiki kielelezo kirudi ofisini."

"Hakihamishwi," mume wangu akasema, na kwa mara ya kwanza kifungu cha kumi na moja kilinipendeza masikioni.

Bosi alikuna kidevu. Kielelezo hakihamishwi, na mtunzaji sharti awe pale kilipo kielelezo. Akafungua kitabu akaandika: "Kituo cha kazi cha mtunza vielelezo: uani kwa mshtakiwa wa pili."

Kwa hiyo kila mwezi tunakwenda mahakamani wote wawili. Hakimu anauliza kielelezo kiko wapi, mume wangu anasimama na tai yake, "Uani kwetu, mheshimiwa. Hakihamishwi." Kesi inaahirishwa, nami nashukuru kimoyomoyo.

Asubuhi, kabla hajaamka, natoka uani nikanyofoa kinachochipua pembeni, nikakitia motoni, maana kitabuni ni mmoja. Baadaye naye anatoka na sare yake, anasaini, anamwagilia gugu kwa kopo lilelile la maziwa lililobaki tupu. Maji yanayobaki anaumwagia mchicha. Mistari yangu ni minane na kopo ni dogo, kwa hiyo anarudi bombani, anarudi tena, na mimi nimekaa kizingitini nimeyanyoosha magoti juani.

Leo ameniuliza kama mstari wa nane umetosha. Nimemwambia bado.