Nyasi Alizolaza Baba Mdogo

Kijiji chetu ni mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, basi. Ukipanda juu kabisa asubuhi isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Nyasa kwa mbali, kupita Kingerikiti, na unaelewa maji yetu yote yanaishia wapi.

Wazee walipanda huku wakikimbia vita vya Wangoni. Walikuwa wengi, na ardhi waliyoipata ilikuwa miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria kabla ya kushuka. Wakabuni ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba, kisha mwanamke anachimba shimo katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo anaoutoa. Maji ya mvua yanatuama mashimoni, maharage yanaota juu ya kuta, na udongo unabaki mlimani. Ukiniuliza mimi, historia yetu yote ni hiyo. Mwanamume analaza, mwanamke anafukia, na asiye na mwenzake hana shamba.

Babu aliugawa mgongo huu vipande vipande kutoka kileleni hadi kijitoni, kila mtoto wa kiume na chake. Kipande cha baba yangu kinapakana na cha baba mdogo. Baba alipofariki, ukoo ulikaa na kumwambia mama kwamba baba mdogo, ambaye naye alikuwa amefiwa na mke, yuko tayari kumrithi. Mama alikataa mbele ya watu wote. Alisema alifunga ndoa kanisani na mtu mmoja, na mtu huyo amezikwa hapo nyuma ya nyumba, naye atakaa hapo hapo mpaka alazwe ubavuni kwake.

Miaka ile kaka yangu ndiye aliyekuwa akimlazia nyasi. Kisha akahamia Chiwanda kuvua samaki, akaoa huko, na shamba likarudi kuwa pori. Mimi niko Mbinga mjini na cherehani yangu. Kila nikija nilimsihi mama tuondoke wote, naye kila mara alinipa maharage ya kubeba na kunisindikiza hadi njia panda. Niliona yanavyopungua kila safari.

Machi iliyopita, Jumapili moja, mama alirudi kanisani akakuta shamba lake limefyekwa lote. Wiki mbili baadaye, Jumapili tena, akakuta nyasi zimelazwa kwa miraba iliyonyooka kama kitambaa cha drafti. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

Aliniita kwa simu, nikaja. Nilienda kwanza kwa baba mdogo, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kwa nini hakusema neno. Alikuwa amekaa mlangoni akijikanda magoti, mzee wa watu, amechoka kweli kweli.

"Ningesema angekataa," alijibu. "Shemeji yangu asife njaa nami nina mikono."

Nikarudi kwa mama. Nilimweleza kwamba mzee hana nia mbaya, na kwamba shamba sasa liko uchi. Pori lilikuwa linaushika udongo; likishafyekwa, lisipochimbwa upesi, mvua moja inatosha. Mama alijua hayo kuliko mimi. Alikuwa akiangalia mawingu.

"Nikizifukia nyasi zake," alisema, "nimemjibu ndiyo."

Nikachukua jembe, nikasema basi nitachimba mimi. Akaninyang'anya. Binti ni mkono wa mama yake, alisema, na kijiji kizima kitahesabu hivyo hivyo. Nikazunguka kuwatafuta akina mama wa jirani. Walinihurumia, wakanipa uji, lakini hakuna aliyekubali kuingia kati ya shemeji hao wawili. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia baba mdogo, nikaukasirikia ukoo mzima, waliokufa pamoja na walio hai. Haikusaidia chochote. Nililia jikoni, nikausingizia moshi.

Mvua ilikuja mchana wa siku ya pili. Tulisimama mlangoni, mama na mimi, na ng'ambo ya mpaka baba mdogo alisimama mlangoni kwake. Nyasi zilianza kuteleza, mraba mmoja ukisukuma mwingine, kisha udongo ukazifuata. Kijito kikawa chekundu. Baba mdogo alitoka kwenye mvua na jembe lake, akafika mpakani, akasimama hapo hapo. Hakuvuka. Mama naye hakumwita.

Ilipokatika, mwamba ulikuwa unaonekana mahali ambapo mama alipanda maharage tangu alipoolewa. Aliutazama muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akaanza kukunja blanketi lake.

"Nichukue," aliniambia.

Nilikuwa nimemwomba neno hilo tangu baba afariki, na chumba chake mjini kilikuwa tayari na kitanda. Nikajikuta nimesimama mbele yake nikitafuta namna ya kumwomba abaki, na sikuwa na shamba la kumwonyesha.