Chungu cha mutobe ambacho hakuna aliyetaka kukigusa kwenye sherehe ya mtaa wetu Gasenyi

Wakuu, heshima yenu popote mlipo.

Leo nina kisa changu mwenyewe. Sijasimuliwa na shemeji wala sijakiokota Facebook. Nitakieleza kilivyokuwa, na pale nilipoaibika mimi sitaparuka.

Mkiona Kiswahili changu kina kona kona, mnivumilie. Niko Bujumbura, huku lugha nne zinagombania ulimi mmoja.

Kwa kifupi, mimi ni mtunza stoo kwenye depo moja huko Zone Industrielle. Siku za kazi napokea mifuko ya saruji na kuitoa. Wikiendi ni MC. Harusi, kumaliza matanga, ubatizo, nipe maiki tu. Sijisifu, lakini mtaani wakisema "protocole" wanamaanisha mimi.

Naishi Gasenyi, pembeni ya jiji upande wa kaskazini. Mtaa wetu ni mchanganyiko. Kuna Warundi waliotoka mikoani, kuna Wakongomani wa Uvira na Fizi, kuna familia za Kiislamu zenye ndugu Kigoma. Tunasalimiana vizuri. Kuingia kwenye nyumba ya mwenzako na kula chakula chake, hiyo ni habari nyingine.

Ndiyo maana kamati ya mtaa ikaamua tufanye Siku ya Majirani. Kila watu walete chakula chao, ngoma yao, mavazi yao. Mimi nikapewa programu na maiki.

Sasa niwatambulishe Mama Zawadi, maana bila yeye hakuna uzi.

Mama Zawadi ni Mkongomani, mjane, ana watoto watatu. Alikuwa akikaa Gatumba, kule mpakani, akivuka na kurudi na biashara ndogo ndogo. Maji yalipokuja yakachukua nyumba yake, akahamia mtaa wetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama mpole, anasali sana. Asubuhi tunaamka kwa nyimbo zake, hatuhitaji jogoo.

Shida ilianza na sahani ya samaki.

Jirani yake mmoja ni fundi mwashi mwenye familia. Siku moja Mama Zawadi aliwapelekea samaki wadogo wa kukaanga, ujirani tu. Fundi akala. Baada ya siku chache akaanguka, akalala kitandani wiki mbili. Kituo cha afya wakasema ni tifoidi.

Lakini mtaa una madaktari wake.

Ikaanza chini chini. Mara yule mama ana mkono mchafu. Mara kwao wanajua kuweka kitu kwenye chakula. Watoto wakakatazwa kula kwake. Maandazi anayouza asubuhi yakawa yanalala. Kisha wapangaji wengine wa ile parseli, yaani ua mmoja wa nyumba za kupanga, wakaenda kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akamwambia waziwazi: malalamiko yakiendelea, mwisho wa mwezi utafute pengine.

Mama wa watu, maji yamemfukuza kule, na huku anafukuzwa na maneno.

Mimi sikuamini yale maneno. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Nikajiona nina akili. Nikasema, huyu mama nitamwokoa kwenye sherehe.

Kabla sijaendelea, niwaeleze desturi moja wale wa mbali. Kwa sisi Warundi, anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako. Tunaita kusogongera. Maana yake ni kwamba humo ndani hamna sumu, kunywa kwa amani. Hata kama ni rafiki wa toka utoto, hata kama ni mama mkwe. Hakuna anayekasirika, ni kama kupiga hodi. Asiyeonja ndiye anayetia watu wasiwasi.

Basi mpango wangu ulikuwa huu. Mama Zawadi alete chungu cha mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu zinazokandwa na nyasi mpaka zitoe maji. Mutobe unapendwa pande zote mbili za mpaka, tunabishana tu ni nani aliuanzisha. Aonje mbele ya umati, wazee wanywe, mwenye nyumba anywe, maneno yaishe. Nilitaka niwamalize kwa desturi yao wenyewe.

Nilimpelekea habari siku ya Jumatano. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili.

"Papa Ange, weye ni mutu. Ntawatengenezea mutobe hawajakunywa bado."

Papa Ange ndio mimi, Ange ni binti yangu wa kwanza.

Sikumwambia habari ya kuonja. Nilijua ameishi huku miaka mingi, anaelewa. Na sikumuuliza yeye wiki ile ana mambo gani. MC wa ukweli anapaswa kuuliza kila mtu kabla ya kumwita mbele. Mimi niliuliza kila mtu isipokuwa yeye.

Jumamosi ikafika. Asubuhi tulikuwa kwenye kazi za jumuiya kama kawaida, kufagia mitaro, kwa hiyo wengine walikuja sherehe na majembe yao mkononi. Uwanja wa mpira ukajaa.

Niseme ukweli, ilipendeza. Wamama wa mikoani waliimba imvyino, zile nyimbo zetu za kupiga makofi na kucheza, mpaka vumbi likasimama. Wakongomani wakacheza ngoma yao ya kiunoni, na katekista mmoja tunayemheshimu sana akasahau kwamba tunamwona. Familia za Kiislamu zilileta pilau, na hapo mkuu hakukuwa na kabila wala dini, kulikuwa na foleni.

Ila nikawa naona kitu. Watu walikuwa wakila kila meza. Meza ya Mama Zawadi walikuwa wakipita wakitabasamu, "asante mama, nimeshiba", mtu ambaye dakika mbili nyuma alikuwa akigombea pilau.

Saa tisa hivi nikaona wakati umefika. DJ akapunguza. Chungu kikaletwa katikati, kimefunikwa jani la mgomba, na miheha imepangwa pembeni. Miheha ni ile mirija mirefu ya tete, watu wanakaa kuzunguka chungu kimoja wakivuta pamoja. Wazee wakakaa mbele. Mwenye nyumba pia, kofia kichwani.

Nikaongea maneno matamu, nayajua hayo. Nikamalizia:

"Maman Zawadi, karibu usogongere, wazee wanangojea."

Mama Zawadi akasimama. Akaniangalia kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye orodha isiyo yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza:

"Papa Ange, mi siwezi. Niko mu jeûne, nafunga siku tatu. Ntakunywa kesho tukitoka ku kanisa."

Wakuu.

Mtu ameletwa mbele ya mtaa mzima unaomshuku sumu, halafu anakataa kuonja chungu chake mwenyewe.

Kuna mama mmoja nyuma akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya kusikika, kwamba haya basi, wenye macho wameona. Mzee mmoja aliyekuwa ameshashika muheha akaurudisha taratibu pale alipoutoa. Mwenye nyumba akavua kofia, akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi.

Sasa sikilizeni sehemu yangu.

Desturi yetu ina mlango wa pembeni. Mwenye kinywaji akiwa mgonjwa, au ana nadhiri, yule aliyemleta anaweza kuonja kwa niaba yake. Aliyemleta ni nani? Ni mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye chungu. Ilikuwa niseme tu, "nasogongera kwa niaba ya jirani yangu", nivute mara moja, kazi imeisha.

Sikwenda.

Nilimwangalia mke wangu, na mke wangu akatikisa kichwa kidogo sana: usithubutu. Na mimi, niliyesema siamini yale maneno, nikamtii. Ikanijia ile sahani ya samaki. Ikanijia Ange na wadogo zake. Nikafikiri, je kama...

Hapo ndipo nilipojijua. Kutoamini maneno ukiwa umekaa kwako ni rahisi. Weka muheha mdomoni ndio tutajua unaamini nini.

Mnajua nilifanya nini? Niligonga maiki. Pu, pu, pu. Nikajifanya imekufa. Nikawa namfanyia DJ ishara za waya. Maiki ilikuwa nzima kabisa, na DJ alijua ni nzima, akaniangalia akashangaa.

Nilipogeuka, Mama Zawadi alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu.

Aliondoa jani. Akachukua muheha. Akafumba macho, midomo ikawa inacheza, anaongea na Mungu wake. Halafu akavuta. Hakuonja, alikunywa, koo tuliliona likipanda na kushuka. Akauacha muheha, akabaki amepiga magoti vilevile, machozi yanamtoka, hayafuti.

Bado hakuna aliyesogea. Ilikuwa imechelewa, imeonekana kama amelazimishwa.

Ndipo akapita mtu katikati ya wazee, na jembe lake begani. Yule fundi. Yule yule wa tifoidi.

"Muniache nipite. Ile tifoidi niliitoa ku shantiye, kule tunajenga, nilikunywa maji ya kisima. Docteur alinambia. Huyu mama samaki yake ilikuwa nzuri."

Akakaa chini, akavuta muheha kwa muda mrefu mpaka mzee mmoja akamwambia awaachie na wengine.

Watu wakacheka. Kicheko kikafungua uwanja. Wazee wakafuata, wamama wakaleta vikombe, mwenye nyumba akavaa kofia yake akapokea kikombe kwa mikono miwili. Mke wangu naye alikunywa. Chungu kikabaki nyasi tupu.

Baadaye nikamvuta fundi pembeni. Nikamuuliza, ndugu yangu, muda wote huu mtaa unamsema huyu mama, wewe ndiye mgonjwa mwenyewe, mbona hukusema?

Akanijibu, "Nani aliniuliza?"

Kweli, hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulikuwa tukimhurumia tu.

Mama Zawadi hakuhama. Mwenye nyumba hakulirudia tena lile neno, na maandazi siku hizi yanaisha kabla ya saa mbili. Watu wa kamati wakanipongeza, eti protocole, ulipanga vizuri sana. Nikasema asante. Mdomo huu!

Nilikaa wiki nzima bila kwenda kwake. Nikitoka kazini napita njia ya nyuma. Mwishowe nikaona huu ni utoto, nikaenda.

Alinipokea vizuri, akaniwekea kiti. Nikamuuliza ile funga ilikuwa ya nini. Akaniambia:

"Ilikuwa ya ile siku. Nilimuomba Mungu munikubali. Siku ya tatu nikaivunja juu yenu. Sasa sijui, ni Mungu alijibu ao ni ule muheha."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nikamuuliza, lakini mama, desturi yetu uliijua, ulitegemea itakuwaje? Akanijibu bila hasira yoyote, na ingekuwa afadhali awe na hasira:

"Nilijua. Nilifikiri ni weye utasogongera. Si ni weye ulinialika?"

Wakuu, nimeshawahi kutukanwa mbele ya watu. Nimeshawahi kusahau jina la bwana harusi kwenye maiki. Hakuna kilichowahi kuniingia kama hilo swali.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kila kitu, mpaka habari ya maiki. Akasema alijua, maiki ikifa haisikiki pu pu pu.

Kisha akanimiminia mutobe. Na kabla ya kunipa, akaonja. Nikamwambia mama, kwangu usionje. Akasema ni desturi yenu, mi naiheshimu. Tangu siku hiyo kila nikienda anaonja kwanza, na kila akionja mimi naona ule uwanja.

Sasa kamati imeitisha Siku ya Majirani nyingine. Wamenipa maiki, nimeikataa, achukue kijana mwingine mwenye sauti. Nimeomba kitu kimoja tu, chungu cha Mama Zawadi kikifika, muheha wa kwanza uwe wangu.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa akikanda unga, hakuinua hata kichwa.

"Basi mwaka huu ntafunga mupaka mwisho."

Nilichojifunza ni hiki. Sherehe za tamaduni ni nzuri, tucheze, tule pilau ya wenzetu, tupige picha. Lakini ukimwalika mtu mbele za watu, wewe ndiye wa kuonja chungu chake. Ukimwachia asimame peke yake, hukumwalika, umempeleka mahakamani.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Semeni ukweli kama nilivyosema mimi: ungekuwa wewe, hatua tatu kutoka kwenye chungu, mkeo anatikisa kichwa, ungekwenda? Na huko kwenu anayetoa kinywaji anaonja kwanza, au mnaaminiana tu?