Karela Dirishani kwa Bi Iantha

Bi Iantha hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Siku ya kwanza Peris Mghoi alipoingia kwake, ghorofa ya tano katika nyumba za kaunsili pale Peckham, bibi alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani, akasema kwamba safari hii ejensi ya wahudumu wamemletea mtoto. Peris alikuwa na miaka arobaini na moja, na wana wawili aliowaacha Mwatate kwa dada yake. Akacheka, akavaa glavu, akauliza bafu liko wapi.

Kazi yenyewe nani asiyeijua? Kumwosha, kumvisha, kumkumbusha dawa zake za kisukari, kumpikia uji, kisha mbio kuwahi basi la kwenda kwa mzee mwingine. Nyumbani watu waliambiwa Peris yuko Ulaya, wakadhani ameukata. Hawakujua kwamba visa yake ilifungwa kwenye ejensi ile, na ikimwacha ejensi, na nchi nayo imemwacha.

Kilichowapatanisha ni magugu. Bi Iantha alizaliwa Nevis, kisiwa kidogo cha Karibiani, akaondoka msichana, na hakurudi tena ila kumzika mama yake. Asubuhi moja, akiwa ndani ya beseni, alianza kusimulia njia ya kwenda shule na kijimea kimoja cha njiani kinachojikunja ukikigusa. Watoto walikigusa kwa vidole vya miguu ili wasiiname.

"Kifauongo!" Peris akadakia, sponji mkononi. "Hata sisi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo!"

"Muongo wewe. Utakijuaje?"

Kuanzia hapo ukawa mchezo wao. Bibi alitaja, Peris naye akawa nalo: mbarika, lile ua linalofunguka saa kumi jioni, vile viua vya rangi ya waridi vinavyoota makaburini bila kupandwa na mtu. Peris alipomwambia kwamba ameona lantana ikiuzwa kwenye duka la bustani, imetiwa chunguni na bei imebandikwa, walicheka hadi bibi akashika mbavu. Wazungu wananunua gugu! Kwao Peris lantana hukatwa kwa panga na kuchomwa, na bado mwaka unaofuata inarudi na maua yake kana kwamba imealikwa.

Peris naye akamfundisha salamu. Kila asubuhi akifungua mlango, "Shikamoo, Bi Iantha!" Kutoka chumbani ikaja sauti ya kukwaruza, "Marahaba!" Mama mzazi wa Peris alizikwa yeye akitazama kwenye simu, amesimama kituo cha basi, na tangu siku ile hakuwa na mtu wa kumwitikia hivyo. Neno lile lilimtosha kuliko mshahara. Alimfanya bibi yule mama yake, wala hakumwuliza kama amekubali.

Likabaki gugu moja. Bibi alilisema mara nyingi: mmea unaotambaa juu ya kila uzio wa Nevis, maua madogo ya njano, tunda likiiva linapasuka na ndani mbegu zake nyekundu. Peris aliujua. Ni karela, lile tunda chungu la Wahindi, ila hiyo ni ya porini. Siku yake ya mapumziko akapanda basi hadi Tooting, dukani kwa Pramila, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na asiyekubali Mkenya aongee naye Kiingereza.

"Karela iliyoiva?" Pramila akashangaa. "Mama, watu wanataka ya kijani. Ikishakuwa hivi mimi natupa."

"Basi nitupie mimi."

"Chukua bure. Na umsalimie huyo mzee wako."

Mbegu zikaota kwenye vikopo vya maziwa ya mgando. Kiangazi kilipofika, mmea ulikuwa umepanda kamba hadi kwenye fimbo ya pazia, na ua la kwanza lilipofunguka Bi Iantha alitaka kiti chake kigeuzwe kielekee dirishani. Televisheni akaisahau. Ndipo akaanza kudai chai.

"Mama alituchemshia majani haya kila Jumamosi. Yanasafisha damu."

"Una dawa zako za kushusha sukari, Bi Iantha, na haya nayo huishusha. Nesi atanila mbichi."

"Binti yangu angekuwa hai, ningekuwa nimeshakunywa."

Aliyasema hayo akitazama maua, hata hakugeuza shingo. Unamwona fundi huyo? Peris alijua kabisa kwamba anachezewa, na bado akateleka sufuria.

Ilikuwa kikombe kidogo, Jumamosi tu, na hakuna baya lililoonekana. Lakini Jumamosi moja bibi akataka abakishiwe ya kesho kwenye themosi, maana Jumapili huja mhudumu mwingine asiyejua kitu. Peris akabakisha. Kesho yake bibi akaimaliza themosi nzima, na chakula hakukigusa. Mwanawe Elroy, anayekuja anapokuja, alimkuta ameloa jasho na anapayuka. Ambulensi ikaitwa. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya, na hospitali wakamrudisha sawa jioni ile ile, lakini Elroy alikuwa ameshainusa themosi.

Kikao kikafanyika sebuleni kwa bibi. Meneja wa ejensi alikuwa Amisha, mtoto wa Stanmore ambaye wazazi wake walitoka Nakuru. Walipokuwa kwenye lifti alimwambia Peris kwa sauti ya chini:

"Nani yangu, yaani nyanya yangu, anakunywa juisi ya karela kila asubuhi. So najua si sumu. Lakini listen, kama yeye ndiye aliomba, naweza kukutetea. Kama ilikuwa idea yako, Peris, siwezi. Sponsorship ya visa yako inaisha."

Peris akashusha pumzi. Si ameomba mwenyewe? Atasema tu.

"Shikamoo, Bi Iantha," alisema akiingia.

Bibi alikuwa analainisha blanketi magotini. Hakuitikia. Dirishani kamba ilining'inia tupu, na mmea wote ulikuwa umeshachanwa na kutupwa.

Elroy ndiye aliyeanza. Alisema, mama yake akimsikia, kwamba mzee anayeagiza dawa za kienyeji na kuzinywa kwa siri hawezi tena kuachwa aishi peke yake, na kwamba kuna nyumba ya wazee Croydon yenye nafasi. Amisha akamgeukia bibi na kumwuliza polepole kama ni yeye aliyeomba chai ile.

Bi Iantha alitazama kamba.

"Mimi? Mimi nilikunywa nilichopewa," akasema. "Msichana huyu ana mambo yake ya Kiafrika."

Ya Kiafrika! Majani ya mama yake huyo huyo, ya uzio wa kwao Nevis, ambayo Peris alipanda basi kuyatafutia mbegu.

"Bi Iantha, nitazame," alisema.

Hakutazamwa. Amisha akafunga kompyuta yake, akamwomba Elroy watoke kidogo wazungumze, na Peris akabaki kukusanya aproni yake na malapa aliyoyaweka nyuma ya mlango. Alipopita karibu na kiti, bibi akamdaka mkono.

"Wewe bado kijana, utapata pengine," akanong'ona. "Mimi wakinitoa hapa, nitakwenda wapi?"

Peris alimwelewa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alimwelewa vizuri kabisa, na kuelewa hakukumpunguzia hasira hata chembe. Alifikiria wanawe na karo yao, na dada yake atakavyonyamaza kwenye simu. Akambandua vidole kimoja kimoja, taratibu, jinsi alivyofundishwa kuwabandua wagonjwa. Akamsogezea glasi ya maji mahali atakapoifikia. Akachukua mkoba wake na kwenda zake mlangoni.

"Marahaba," bibi akasema nyuma yake.

Peris akashika kitasa.

"Marahaba, Peris. Marahaba."

Safari hii hakuna aliyekuwa amemwamkia. Peris akatoka, akavuta mlango nyuma yake.