Njia ya Kwenda kwa Kaka

Kila asubuhi, kabla hajafungua karakana yake, Mama Makochi alikuwa anapiga simu mlimani.

Mtaani walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa anavalisha upya makochi ya watu: yaliyochanika, yaliyobonyea katikati, yaliyokojolewa na watoto hadi mwenyewe akaona haya kukaribisha mgeni. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ukiingia unakutana na sponji zimerundikwa hadi darini, mabunda ya vitambaa, na kochi moja au mawili yamevuliwa nguo, mbavu nje. Kwenye kona, chini ya turubai, palikuwa na pikipiki ya marehemu mumewe. Mume alipofariki watu walikuja kuitaka, naye akawaambia haiuzwi. Akajifunza kuiendesha. Alianguka weee, majirani wakacheka, kisha wakachoka kucheka, naye akawa dereva.

"Mzee, umeamkaje?" alimwuliza mlinzi wa kizuizi cha barabara.

"Salama, mama. Mimi nimeamka, barabara ndiyo bado."

"Imelalaje?"

"Imejifunika udongo. Greda ilisukuma jana mchana, jioni mlima ukashusha mwingine."

"Na pikipiki?"

"Hata mbuzi hapiti, mama. Jaribu kesho."

Mlima ulisimama katikati, mji wake upande huu, kijiji cha kaka yake upande ule. Barabara ilikuwa moja tu. Ilipanda kona baada ya kona hadi kwenye uwazi kati ya vilele viwili, ikashuka ng'ambo. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimeporomosha ubavu mzima wa mlima, mabasi yakaacha kwenda, na mwanamke aliyezoea kumwona kaka yake kila mwisho wa mwezi akabaki anautazama ule mlima akiwa mlangoni kwake, uzi mdomoni.

Mtu angesema, si apige simu tu? Lakini kaka yake alikuwa kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa mtoto mdogo, kabla hajajua maneno ya kutosha. Hakupelekwa shule yoyote ya kumfundisha lugha ya ishara. Aliyemfundisha kusema ni dada yake, naye dada alifundishwa na yeye. Walikuwa watoto wawili uani, wanatunga. Mvua ilikuwa vidole vinavyoteremka juu ya mkono. Mama yao alikuwa kiganja kinachokaza kilemba kisogoni. Baba alikuwa bega moja lililoshuka, kwa sababu ndivyo alivyotembea. Walikuwa na ishara ya uongo na ishara ya uongo mdogo usio na madhara, na ishara ya ile njaa inayokujia ukinusa chakula cha jirani. Mama yao aliielewa lugha hiyo nusu nusu. Alipofariki, wakabaki wawili tu duniani wanaoijua.

Kaka alichelewa kuoa. Mkewe alikuwa mwanamke mwema, na alikuwa ameshika ishara za nyumbani: kula, kulala, kazi, watoto, acha ukaidi. Lakini ukitaka kumwambia mtu kwamba umeamka na huzuni usiyoijua ilikotoka, ishara hizo hazikufikishi. Kwa hiyo Mama Makochi alipokwenda kule, yeye na kaka yake walikaa kwenye karakana ya milango, maranda ya mbao miguuni, wakaongea kutwa nzima bila sauti. Kaka alikuwa seremala. Akikunjua mikono ile yenye sugu kuhadithia jambo, ungedhani ana vidole vya ziada.

Sasa mikono ya dada ilikuwa haina wa kuongea naye. Siku moja mteja aliingia akamkuta amesimama mbele ya kochi, mikono inakwenda.

"Fundi, unaniita mimi?"

"Hapana. Naongea na kochi lako."

"Linasemaje?"

"Linasema mkae kwa adabu."

Mteja akacheka, akaondoka. Yeye akakaa juu ya bunda la kitambaa na kuibana mikono katikati ya magoti, kama mtu anayetuliza watoto wawili.

Mchana, kazi ikipungua, alikuwa anakwenda kituo cha mafuta. Huko yalisimama malori yaliyokuwa yanapeleka kokoto kwa watengenezaji wa barabara. Hakuuliza mtu kwanza. Aliinama akatazama magurudumu. Tope likiwa bichi na limepanda hadi juu ya ekseli, alirudi zake nyumbani. Wale madereva walimzoea. Mmoja akawa anampigia kelele kutoka kwenye usukani, "Leo usijisumbue, dada, hata mimi nimevutwa na kamba."

Ndipo wifi yake akapiga simu.

"Wifi, usishtuke."

"Ukishaniambia nisishtuke nimeshashtuka. Sema."

"Msumeno umemkata kaka yako. Mkono wa kulia. Zahanati wamemshona, damu imekata, lakini vidole viwili vimekwenda."

"Anasemaje?" aliuliza Mama Makochi.

"Ndicho ninachokupigia. Hasemi. Hata mkono ule mzima, wa kushoto, ameulaza mapajani, basi. Tukimwonyesha chakula anaitikia kwa kichwa. Juzi alianza kunieleza kitu, sikuelewa. Akarudia, sikuelewa. Akaniacha, akaenda kukaa nje." Wifi akaongeza: "Anakaa akiitazama barabara, wifi."

Jioni hiyo alikung'uta turubai akalitoa kwenye pikipiki. Binti yake, aliyekuwa anauza dawa katika duka la madawa, alirudi kazini akamkuta anapaka cheni mafuta.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mjomba wako."

"Barabara imefunguliwa?"

Akaongeza mafuta kwenye cheni. Binti akakitoa kitambaa chenye mafuta mikononi mwa mama yake. "Mjomba hajafa, mama. Ukianguka huko juu, atakuwa amepoteza vidole na dada."

Maneno yale yalimwingia. Akalirudisha turubai. Lakini tangu siku hiyo kila kitu alichokishika kilikuwa na kaka ndani yake. Akivuta uzi, aliwaza: ni vidole gani? Wifi hakusema, naye hakupata ujasiri wa kuuliza. Akawa anakunja vidole vyake mwenyewe viwili viwili na kujaribu kusema. Akikunja hivi, neno la mvua linapona, la mama linapotea. Akikunja vile, mama anapona, lakini ndugu hasemeki. Alifanya hivyo mezani, kitandani, dukani akisubiri chenji. Na kila asubuhi alipiga simu, akataja habari za kaka, na kila asubuhi mzee wa kizuizi alimjibu kwa upole, kwa ile sauti yake iliyokwaruza, kwamba bado.

Hatimaye mvua ilipumzika. Jua likakaa siku kadhaa mfululizo.

"Mama," alisema mlinzi kabla hajasalimiwa, "pikipiki zinapita. Moja moja, na uwahi. Ukungu ukishashuka hatufungui."

"Unaniambia kweli?"

"Nimezipitisha mwenyewe jana. Gari ndogo bado, mabasi usiyataje."

Hakutosheka na neno la mtu mmoja. Alikwenda kituo cha mafuta, akainama. Tope lilikuwa limekauka, linabanduka kwa ukucha. Akamwendea yule dereva wa kelele.

"Pale palipoporomoka pakoje?"

"Pamewekwa kokoto, lakini kwa chini panateleza. Ukifika, shuka usukume. Usione haya. Hata mimi na lori langu natamani ningeweza kushuka nikasukuma."

"Na ng'ambo, kwenye mteremko?"

"Mteremko mkavu. Usikanyage breki ya nyuma kwa hasira tu. Ishikilie kidogo kidogo, na gia ndogo."

Alikagua breki, akabadilisha plagi, akapunguza upepo kwenye matairi kidogo ili yashike. Binti yake alileta mfuko wenye bandeji, dawa ya kidonda na vidonge vya maumivu, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa kamba, akavuta fundo mara mbili.

Pale kizuizini, mtu aliyetoka kibandani kunyanyua boriti alikuwa kijana wa kumzaa, amejifunga skafu shingoni.

"Namtafuta mzee wa simu."

"Ndiye mimi, mama."

Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Wewe? Na ile sauti?"

"Baridi ya huku imeniharibu koo."

"Mbona siku zote nakuita mzee na hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisalimia kwa heshima, nikaona nisiharibu." Akanyanyua boriti. "Msalimie kaka."

Alipanda. Baridi iliingia kwenye mikono ya koti, na kwenye kila kona alibonyeza honi ingawa hakuna aliyekuwa anakuja. Penye maporomoko mlima ulikuwa umechanika kama kochi, udongo mwekundu nje, mizizi inaning'inia. Alishuka akasukuma. Buti zilizama, gurudumu la nyuma likateleza kuelekea ukingoni. Mmoja wa watengeneza barabara akaacha koleo lake, akaja akashika nyuma bila kuulizwa. Wakavuka. Kule juu kabisa, kati ya vilele viwili, hakusimama kutazama chochote. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka, na yeye akateremka nao, gia ndogo, mkono kwenye klachi, hadi akaona mabati ya kijiji.

Kaka yake alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya karakana. Siku hiyo, baada ya siku zote zile za kuitazama barabara, alikuwa ameipa mgongo. Dada alizima pikipiki, akazunguka hadi mbele yake, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kumgusa kwa nyuma. Kaka akainua uso. Kisha, haraka, akauficha mkono wa kulia ndani ya shati.

Mama Makochi alipiga magoti kwenye maranda. Akasema kwa mikono: nimekuja, barabara ilikuwa mbaya, nilikukumbuka hadi nikawa naongea na makochi.

Kaka hakucheka. Aliutoa ule mkono polepole, umefungwa bandeji kama furushi, akauinua kuelekea sikioni kwake. Jina la dada, tangu wakiwa watoto, lilikuwa vidole viwili vinavyovuta ndewe ya sikio. Vile viwili ndivyo vilivyokwenda. Furushi likagusa sikio, likakaa pale, halikuweza kuvuta. Akalishusha. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Dada aliuchukua ule mkono wa bandeji kwa mikono yake miwili, akaulaza shavuni kwake, wakakaa hivyo. Wifi alitokea mlangoni, akawaona, akarudi ndani na watoto.

Baada ya muda mrefu kaka alijitoa. Akafikiri. Kisha akaubandika ule mkono wote kwenye shavu lake mwenyewe, akamwonyesha dada yake kwa kidevu. Wewe. Akarudia, ahakikishe ameelewa. Hilo ndilo likawa jina jipya la dada.

Alikaa kule zaidi ya alivyomwahidi binti yake. Walipitia maneno yote, moja moja, na yale yaliyokufa wakayatungia mengine kwa mkono wa kushoto au kwa kiwiko. Safari hii hawakukaa peke yao. Alimwita wifi akae, akawaita watoto, nao watoto wakanasa upesi kuliko watu wazima, hasa ile ya njaa ya chakula cha jirani. Kidonda kilianza kukauka. Siku moja kaka akachukua randa kwa mkono wa kushoto, na dada akamshikia ubao.

Asubuhi ya kuondoka kaka alimsindikiza hadi barabarani. Dada alipokwisha kuwasha pikipiki, kaka akasema kitu: mkono wa bandeji kifuani, wa kushoto ukatoka pale ukaenda mbali, ukageuka. Dada hakuielewa ishara ile. Akamwomba arudie. Akarudia. Haikuwa ya zamani, wala haikuwa miongoni mwa zile walizotunga. Akatikisa kichwa, na kaka akacheka kwa mara ya kwanza, akampungia aende kabla ukungu haujashuka.

Alipofika nyumbani alimpigia wifi. "Niulizie, ile aliyosema mwisho ina maana gani?"

Akasikia vishindo, kimya, kisha kicheko cha wifi. "Anakataa. Anasema atakuambia ukija."

Sasa mvua zimerudi, barabara imefungwa tena, na karakanani Mama Makochi anaweka nyundo chini, anaubandika mkono mmoja kifuani, wa kushoto anautoa pale, anaupeleka mbali, anaugeuza.