Mashahidi kwenye Benchi la Zahanati

Koleo liligusa ukingo wa trei, au halikugusa? Swali hilo moja lilininyima usingizi kwa wiki nyingi, na hata leo sina jibu lake.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa vitendo katika chuo cha uuguzi. Nilitakiwa kusafisha na kufunga kidonda cha mguuni, na mgonjwa wangu alikuwa mwanafunzi mwenzangu aliyelala kitandani akijitahidi asicheke. Msahihishaji alisimama pembeni na saa yake. Nilinawa, nikafungua trei ya vifaa vilivyochemshwa, nikachukua koleo la kushikia pamba. Hapo nikahisi kama ncha yake imegusa ukingo wa trei, sehemu isiyohesabiwa kuwa safi. Nikaomba vifaa vingine, nikaanza upya. Mara ya pili nikadhani ni mkono wa gauni langu uliogusa. Nikaanza tena. Nilipofika kwenye kidonda kwa mara ya tatu msahihishaji akasema, "Muda umekwisha, dada," na mgonjwa wangu akabaki na mguu wazi.

Nilipungukiwa alama mbili. Kwenye mitihani ya kuandika nilikuwa wa pili darasani, jambo lililofanya aibu iwe kubwa zaidi. Barua ya chuo ilisema naruhusiwa kurudia mtihani huo mara moja tu, na kwamba fomu ya maombi itiwe posta kabla mwezi unaofuata haujaisha. Nisipoirudisha, au nikirudia nikashindwa, uuguzi wangu ungeishia hapo.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli pale Kilosa, katika wale wanaotembea njia nzima na nyundo begani wakikagua mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Majirani kwenye nyumba za reli walikuwa wameshaanza kumwita Baba Nesi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akanirudishia.

"Alama mbili tu? Hizo ningekuchongea kwenye taruma."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Siku zile kila aliyeniitikia shikamoo aliongeza, "Marahaba, mwanangu. Haya, umepangiwa wapi?" Nikaanza kupita nyuma ya nyumba kwenda bombani. Baba aliona. Wiki iliyofuata alinipandisha treni ya Mikumi nikamsaidie dada yake. "Huku utachoka kujibu salamu," alisema. Fomu niliibeba ndani ya daftari la anatomia, tupu kama ilivyotoka chuoni.

Shangazi alikuwa mhudumu wa zahanati katika kijiji kipya cha ujamaa, mwendo mfupi kutoka stesheni. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, miti ikiwa midogo bado, na nyani walikuwa hawajakubali kwamba watu wamehamia. Yeye aliishia darasa la nne la shule ya misheni. Kwa maandishi kazi yake ilikuwa kufagia, kuchota maji na kuchemsha vifaa. Kwa kweli, mganga wa zahanati alikuwa mmoja na vijiji vyake vingi. Siku alizokuwa safarini na baiskeli yake, vidonda vyote vilikuwa vya shangazi. Watu walimwita Mama Nesi. Mimi niliyesoma waliniita Mwanafunzi.

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimeingia kwenye mkutano wa hadhara. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu mlangoni, na mlango uliachwa wazi. Shangazi alisimama mbele ya beseni.

"Nanawa!"

"Tumeona!" benchi zima likaitikia.

"Nafunua sufuria. Bado inatoa mvuke."

"Tumeona!"

"Natoa koleo. Sijagusa kitu."

"Tumeona!"

Mwanamume aliyekuwa akiwekewa dawa ya zambarau kwenye goti aliitikia pamoja na wengine, huku akikunja uso kwa maumivu. Nilijisikia vibaya kwa niaba ya shangazi. Hakuna kitabu nilichosoma kilichoelekeza mambo hayo, na niliogopa mganga akirudi atamkemea, kumbe mganga mwenyewe akiwapo hufanya hivyohivyo.

Tulipokuwa tunachambua mchicha nilimuuliza. Alicheka kwanza.

"Wewe unadhani nilipenda kupayuka? Walipoletwa hapa hawakuaminiana hawa. Wa milimani walisema bandeji zao zinachanganywa na za watu wa mashamba ya mkonge. Wa mkonge wakasema beseni ni la watu wa milimani, wao wanapewa maji ya mwisho. Mgonjwa ana usaha mpaka vidoleni, anakaa nyumbani anasema haendi kule. Basi nikaita mkutano. Nikawaambia, nitafanya kila kitu mlango ukiwa wazi na kwa sauti. Aliyeona aseme. Ambaye hajaona aseme vilevile."

"Na wakikubali tu bila kuangalia?"

"Hujamjua bibi wewe."

Bibi nilimjua wiki hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mzee wa Kividunda, mmoja wa wale wa milimani, mwenye kidonda cha siku nyingi kwenye kifundo cha mguu. Alikuja kila siku mbili na kukaa mwanzo wa benchi hata kama hakufika wa kwanza. Siku moja shangazi alikatizwa kazi na mtoto aliyetapika. Akampokea, akamfuta, akamrudisha kwa mama yake, kisha akageuka na kusema, "Nafunua sufuria." Benchi likaitikia, lakini sauti moja ikabaki nyuma.

"Mie sijaona."

"Nimenawa, bibi."

"Ulinawa kabla ya yule mtoto. Baada yake sijaona. Au Mama Nesi siku hizi unanawa moyoni?"

Watu wakacheka. Nilimtazama shangazi nikingoja akasirike, maana mimi ningetamani ardhi inimeze. Alitazama mikono yake, akafunika sufuria.

"Bibi kasema kweli. Nimekosea. Nanawa upya!"

"Tumeona!"

Ikaisha. Haikuchukua muda zaidi ya ule wa kunawa mikono. Jioni nilimchunguza nione kama bado anaifikiria. Alikuwa anamsimulia jirani namna nyani alivyomnyang'anya mahindi ya kuchoma, akimuigiza nyani na kujiigiza mwenyewe. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu pale. Mimi kosa ambalo huenda sikulifanya nililibeba kwa wiki nyingi. Yeye la kweli alilitaja mbele ya watu, akalisafisha, akaendelea na kazi. Na watu walimwamini zaidi kwa hilo. Aliyefuata kwenye benchi alinyoosha mguu wake bila hata kuambiwa.

Siku chache baadaye shangazi aliniwekea kitambaa cheupe mkononi. Kulikuwa na mwanamume wa makamo aliyejikata mguu na jembe.

"Leo Mwanafunzi."

"Shangazi, nilishindwa. Unajua."

"Ulishindwa kwa saa. Hapa saa hatuna."

Nilinawa. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi, wakanitania niongeze. Nilifunua sufuria, nikashika koleo, nikaligeuza kuelekea pamba. Na ile hisia ikaja vilevile kama siku ya mtihani. Nikasimama.

"Nimegusa?" nilisema, na sikujua namuuliza nani.

"Gusa nini?" bibi akadakia. "Tumekukodolea macho kama nyani anayengoja mahindi. Hujagusa kitu. Mfunge mtu mguu, ana shamba huyo."

"Hujagusa, dada," mwenye kidonda mwenyewe akasema. "Mimi ndiye wa karibu."

Nikafunga kidonda. Bandeji ilikaa vizuri, na nilipomaliza benchi likaitikia kwa nguvu kiasi kwamba kuku waliokuwa mlangoni walitimka. Kwa muda wa kazi ile yote sikuwa nimejiuliza tena. Hisia haikuondoka. Ila nilikuwa na watu wa kuwauliza, na walikuwa wameangalia kweli.

Ungefikiri usiku huo nilijaza fomu. Sikujaza. Nilianza kufikiria kwamba chuoni hakuna benchi. Nilifikiria hivyo kwa siku tisa, mpaka shangazi akachoka kuniona nikifungua daftari na kulifunga.

"Yule mwenye saa," aliniuliza, "hana macho?"

"Anayo, shangazi."

"Na aliyelala kitandani?"

"Ni mwanafunzi tu. Anajifanya mgonjwa."

"Anajifanya kipofu pia? Mwambie unachofanya. Dada, nanawa. Dada, nafungua. Hakuna mgonjwa anayechukia kuambiwa. Na yule wa saa atasikia."

Kwenye madaftari yangu kulikuwa na sentensi moja, niliyoinakili mwaka wa kwanza, kwamba mgonjwa aelezwe kila hatua kabla haijafanywa. Niliikariri, nikaiandika kwenye mitihani, nikapata alama zake. Kumbe siku ya vitendo nilifanya kazi yote mdomo ukiwa umefungwa, nikizungumza na nafsi yangu tu. Shangazi hakuwahi kuiona sentensi ile, lakini alikuwa akiitenda kila asubuhi mlango ukiwa wazi.

Siku mbili kabla fomu haijapitwa na wakati, niliitoa kwenye daftari mbele ya benchi.

"Naandika jina langu!"

"Tumeona!" wakasema, wengine bila kujua ni karatasi ya nini.

"Mie sijaona," bibi akasema.

Nikampelekea. Mwaka ule alikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, akijifunza kusoma jioni pamoja na wajukuu wa wenzake. Alishika fomu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso, akaweka kidole chini ya jina langu na kulisoma silabi moja moja. Alipokosea alirudi nyuma, akaanza tena bila haraka, na benchi zima likamngoja. Alilifikisha mwisho. Kisha akasogeza kidole kwenye nafasi iliyobaki wazi.

"Hapa je?"

"Sahihi, bibi."

"Tia basi, tuone."

Nikatia. Treni ya mchana ilinifikisha Kilosa posta ikiwa imeshafungwa, lakini sanduku la barua lilikuwa nje, ukutani. Baba alikuja kunipokea na nguo zake za kazi, nyundo bado begani. Aliitazama bahasha ya fomu mkononi mwangu. Nilikuwa nimekagua stempu mara mbili njiani, na nilijisikia kutaka kuikagua mara ya tatu.

"Baba, natumbukiza."

"Tumbukiza," akasema. "Nakutazama."

Nikaiachia.