Sista Rula na Zamu Zisizo na Mwisho

Kwa miaka kumi na tisa, ratiba ya zamu za wauguzi wa wodi ya wazazi ilichorwa na mkono mmoja. Mwenye mkono huo alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, mama wa miaka hamsini na miwili. Wenzake walimwita Sista Rula, maana rula ya chuma haikumtoka mfukoni. Kila baada ya wiki mbili alipiga mistari, akajaza majina kwa penseli. Mtu mmoja akiugua, alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumapili moja shemeji yake, mume wa mdogo wake, aliyekuwa mwalimu wa kompyuta chuoni, alimkuta mezani na kifutio.

"Shemeji, hiyo kazi unaweza kuiandikia programu wewe mwenyewe."

"Mimi? Samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nilishakauka zamani."

"Uliweza kujifunza kuzalisha pacha waliokaa vibaya. Hii itakushinda?"

Wakaanza, Jumapili kwa Jumapili. Mwezi wa tatu wa masomo hayo shemeji alimwambia aandike ratiba ya muuguzi mmoja isiyo na mwisho: asubuhi, mchana, usiku, mapumziko, tena asubuhi, hivyo hivyo milele. Sista aliandika huku kidole kimekaa tayari kwenye kitufe cha kuzima kompyuta.

"Itaganda hii."

"Iombe siku kumi na nne za mwanzo."

Zikaja papo hapo, kumi na nne kamili.

"Na zilizobaki ziko wapi?"

"Hazipo bado. Orodha hii ni mvivu. Umeifundisha namna ya kuipata kesho, lakini haitahangaika nayo mpaka mtu aiulize."

Sista aliukodolea macho mstari aliouandika. Kitu kisicho na mwisho kilikuwa kimeingia kwenye mstari mmoja, mfupi kuliko rula yake. Chai yake ikapoa bila kuguswa.

Kisha akataka programu iwapelekee wauguzi ujumbe wa simu, nayo iandikwe vile anavyosema mwenyewe: isipokuwa yuko likizo, mwite. Akatunga funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, akaiita "isipokuwa". Jumatatu asubuhi akatokea mlangoni muuguzi aliyejifungua wiki tatu tu zilizopita, mtoto mgongoni, anahema.

"Sista, mmeniita?"

"Nani kakuita wewe? Si uko likizo?"

Akaonyeshwa simu. Sista aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akampokea mtoto, akamketisha mama yake, akaomba radhi mara tatu.

Jumapili iliyofuata shemeji alipohadithiwa alicheka, kisha alipouona uso wake akaacha. "Funksheni ya kawaida hufungua mizigo yote kabla ya kuingia ndani, yaani hutekeleza kila ilichokabidhiwa kabla ya kuanza kazi yake. 'Mwite' ilishatekelezwa, ndipo ikauliza kama yuko likizo."

"Si ulisema ni mvivu?"

"Mvivu kwenye orodha. Kwenye amri ina kiherehere! Hapa unataka makro. Makro hukabidhiwa maneno yenyewe, hayajatekelezwa. Huyapanga upya, ndipo mashine ianze kazi."

Ilikuwa mistari miwili, ikamla Jumapili tatu. Siku ya kuijaribu alijiandika yeye mwenyewe kuwa yuko likizo, akaiweka simu mezani. Kimya. Akajiondoa likizoni. Simu ikatetemeka mpaka ikagonga kikombe.

"Nimeiongezea lugha neno," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Na ukilitumia, huwezi kulitofautisha na yale iliyozaliwa nayo."

Watoto aliowazalisha hawahesabiki. Neno, hili lilikuwa la kwanza.

Siku hizi kompyuta iko chumba cha wauguzi, na kila mtu huuliza lake. Juzi mkunga mkongwe wa wodi, aliyebakiza miaka minne astaafu, aliisogelea kompyuta.

"Hebu iulize zamu ya siku yangu ya mwisho ya kazi."

Sista akaandika jina lake na tarehe. Kufumba na kufumbua, likatokea neno moja: asubuhi.

Mkunga akashika mdomo. "Yaani hiyo siku haikuwemo humo mpaka nilipoiuliza?"

"Haikuwemo, dada."

Walisimama bega kwa bega wakilitazama lile neno. Mara mama wa kitanda cha tatu akapiga kelele kwamba mtoto anakuja, wote wawili wakatoka mbio.